Permelia wa Pili na Miaka Arobaini na Miwili ya Ardith Kessinger

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, Bi Ardith Kessinger atafunga mlango wa Chumba cha Kumbukumbu cha maktaba yetu ya Kaunti ya Tolliver, atamkabidhi mkurugenzi funguo, na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka arobaini na miwili na miezi tisa ya utumishi. Aliingia Agosti 1982, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, kwa kazi ya muda ya wiki sita.

Nimeombwa kuandika wasifu huu wa jarida la maktaba kwa sababu mimi ndiye mwenzake pekee. Chumba kile kina watu wawili tu, na mmoja wetu haruhusiwi kujiandikia, ingawa tayari ameshanisahihisha tarehe mara tatu. Mkurugenzi wetu, Bwana Lowell Prather, ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini tusidanganyane: Ardith amechoka, mimi nimechoka, mashine ya kusomea filamu za hati imechoka, na dari inayovuja juu ya sensa ya mwaka 1880 imechoka zaidi yetu sote.

Kwa wasioijua kazi yetu, kila siku ya kazi mtu huingia kwa ule mlango akitaka kujua bibi wa bibi yake alikuwa nani. Mwanzo huwa ni rahisi. Ukifika mwaka 1882 unagonga ukuta, kwa sababu kabla ya hapo kusini mwa Indiana hakuna aliyeandikisha watoto wanaozaliwa. Na mahakama yetu iliungua mwaka 1871 pamoja na karibu kila hati ya ndoa na ya shamba. Zilizobaki ni sensa, wasia chache zilizokuwa majumbani mwa watu, na mawe ya makaburi. Basi Ardith aliyafuata mawe. Ametembelea makaburi mia moja sitini na matatu ya kifamilia, mengi yakiwa katikati ya mashamba ya mahindi au juu ya vilima visivyo na njia, akiwa na buti za mpira, daftari, na kioo cha bafuni alichokiazima kwa mama yake na hajakirudisha hadi leo. Kioo kile hukishika pembeni ya jiwe, akaelekeza jua kwenye maandishi yaliyofutika, na herufi zikajitokeza. Wengine walikuwa wanapaka unga au povu la kunyolea. Ardith akimkuta mtu na povu humkimbiza, maana povu hula jiwe.

Ameumwa na kupe kuliko mbwa yeyote wa kaunti hii. Mwaka 1991 fahali wa Bwana Sturgill alimzuia makaburini kwa saa nne nzima, naye Ardith akakaa juu ya jiwe refu la mchungaji mmoja wa Kibaptisti huku akiandika majina ya mstari wa mbele. Aliporudi ofisini na sketi iliyochanika, alilalamika jambo moja tu: mstari wa nyuma haukuonekana vizuri.

Na wageni, jamani! Nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na sijaona mgeni anayetaka babu mkulima. Kila mtu anataka jenerali. Asiyetaka jenerali anataka mfalme wa huko Uingereza, na asiyetaka mfalme anataka binti wa chifu wa Wacherokee, wenyeji wa asili wa nchi hii. Ardith aliwasikiliza wote, akawatolea sensa, akawaonyesha kwa kidole: mkulima, miaka arobaini na mmoja, hajui kusoma, ng'ombe wawili, watoto tisa. Bwana mmoja alisafiri kutoka Texas na mkewe na kamera ya video, akaambiwa kwamba babu yake aliondoka Tolliver usiku mmoja wa 1858 juu ya farasi ambaye hakuwa wake. Mke alicheka mpaka akakaa chini. Mume akazima kamera na kutangulia kwenye gari.

Sheria yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: lete karatasi. Maneno ya nyumbani, hadithi za shangazi, mambo aliyosema babu akiwa anakufa, hayo yote aliyaandika kwa penseli kwenye kadi ya manjano na kuyaweka kwenye sanduku la chini. Kwa wino aliandika kile tu chenye hati au jiwe. Ndivyo tulivyofundishwa sote, na ndivyo nitakavyomfundisha binti atakayekuja Jumatatu kushika nafasi yake.

Mwaka 1987 kazi hiyo ilizaa kitabu, "Koo za Tolliver", kurasa mia sita na kumi na moja, nakala mia tatu na arobaini. Hata leo sijui aliwezaje. Kitabu kiliingia kila nyumba ya kaunti hii iliyohusika, kikawekwa rafu moja na Biblia, na watu wakaacha kubishana. Ukiuliza nani ni nani, unafungua ukurasa. Mkurugenzi wa wakati huo alimpa cheti chenye fremu ya mbao. Cheti bado kiko ukutani, na hapo ndipo ningependa kuishia, niwatakie chai njema na keki. Lakini Ardith aliniambia Jumatatu, mbele ya Bwana Prather, kwamba wasifu usipokuwa na ukurasa wa 388 hatakuja kwenye sherehe ya kumuaga. Kwa hiyo tuvumiliane.

Ukurasa wa 388 ni familia ya Enos na Sabra Rusk, walioishi juu ya Kilima cha Rusk, karibu na kijito cha Stamper. Sensa ya 1850 inaonyesha binti yao Permelia, miaka mitatu. Makaburini kwao kuna jiwe dogo: "Permelia, binti wa E. na S. Rusk", alikufa 1851, akiwa na miaka minne. Jiwe lipo, hati ipo, hakuna shaka. Kisha sensa ya 1860. Karani wa sensa wa mwaka huo, Mungu amsamehe, alikuwa mvivu. Aliandika herufi za kwanza tu za majina, na kwenye safu ya jinsia akaacha doa la wino. Kwa Enos Rusk kuna mtoto "P.", miaka saba. Permelia ameshakufa, basi huyu ni nani? Kaka yake Enos aliitwa Perry. Ardith akaamua kwamba mtoto ni wa kiume na jina lake ni Perry. Mwaka 1870 Perry hayupo nyumbani wala popote kwenye kaunti. Ardith akaandika: "Alikwenda Magharibi. Habari zake hazijulikani."

Huyo Perry alipendwa! Wana ukoo wa Rusk walianza kumwombea kila mwaka kwenye mkutano wao wa Mei, yeye na wazao wake waliopotea. Mama mmoja wa Kansas alituletea picha ya Perry akiwa na ndevu.

Sasa ndipo anapoingia Bi Ione Mabry. Ana miaka tisini na mmoja, anaishi barabara ya kinu cha zamani, na kwa maisha yake yote amesema kwamba mama wa babu yake alikuwa Permelia Rusk, mtoto wa Enos na Sabra. Alikuja chumbani kwetu mwaka 1986, kitabu kikiwa bado kinaandikwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Binti yake Darla alimleta kwa gari na kukaa naye mezani. Ardith anaukumbuka mkutano ule neno kwa neno, na ameniruhusu kuuandika, ingawa wasifu wa kazi kwa kawaida hauna mazungumzo.

"Babu yangu aliniambia mwenyewe," Ione alisema. "Mama yake alikuwa na dada aliyekufa mdogo. Yeye alipozaliwa akapewa jina lile lile. Watu wa zamani walifanya hivyo."

"Walifanya, ndiyo," Ardith alimjibu. "Una karatasi?"

"Karatasi itoke wapi, mama? Mahakama iliungua. Nina kaburi lake. Liko palepale kilimani, jiwe lisilo na maandishi karibu na uzio. Babu alinionyesha kwa mkono wake."

"Jiwe lisilo na maandishi haliwezi kusema kitu, Bi Ione. Ukipata karatasi, niletee."

Darla ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alimwambia mama yake, "Twende zetu, hawa hawatutaki." Ardith aliandika kadi ya manjano, akaiweka kwenye sanduku la chini, akaendelea na ukurasa wa 389. Yeye husema kwamba siku ile alijiona amefanya kazi nzuri.

Lazima mjue maana ya kilima kile. Makaburi ya Rusk ni ya wazao tu. Kamati yao ndiyo inayotoa nafasi, na katibu wake tangu enzi hizo ni Bwana Harlan Rusk, mtu mwema, mwenye kichwa kigumu. Kitabu kilipotoka, kamati iliamua kwamba aliye kitabuni atazikwa kilimani na asiye kitabuni hatazikwa. Walifikiri wamemaliza ugomvi.

Mwaka 1994 Darla aliugua saratani. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliomba jambo moja, alazwe kilimani, kwa sababu alipokuwa mtoto yeye na mama yake walikuwa wakipanda kule kila Julai kuchuma matunda pori, na mama yake alikuwa akimwambia: hawa ndio watu wako. Ione alikwenda kwa Harlan. Harlan, tuseme haki, hakutaka kukataa kwa mawazo yake tu. Alishuka mjini, akaja kwetu, akasimama kaunta na kofia mkononi.

"Ardith, nisaidie. Kitabu kinasemaje?"

Ardith akafungua 388 na kumsomea. Permelia alikufa 1851, akiwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne hana wazao.

Darla alizikwa makaburi ya mjini, nyuma ya duka la matrekta, karibu na barabara kuu, kati ya watu asiowajua. Tangu hapo Ione hakumsalimu tena Ardith. Miaka thelathini walipishana kwenye duka la vyakula, wakapishana posta, wakapishana kwenye mazishi ya watu wengine, na Ione aliangalia mbele. Ardith alijua sababu. Alisikitika, kama mtu anavyosikitika akiwa na uhakika kwamba kosa si lake.

Oktoba iliyopita alikuwa akimtafutia mgeni habari za mkunga mmoja wa zamani, Keziah Lunsford. Katika orodha za pensheni za wajane wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaona kwamba Keziah aliwahi kuapa kama shahidi wa mjane mmoja aliyeitwa Catlett. Faili lilikuwa limewekwa chini ya kikosi cha Kentucky. Vijana wetu wengi walivuka mto wa mpakani na kujiandikisha jeshini katika jimbo hilo la jirani, na kila mtu wa kazi hii anajua hivyo, ila hakuna aliyewahi kuangalia. Akaagiza nakala kutoka Washington. Ilichukua wiki saba.

Ilifika Jumanne. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya filamu, yeye mezani kwake. Nikageuka. Alikuwa ameshika ukurasa mmoja kwa mikono miwili. Nikauchukua na kuusoma. Mwaka 1909 mkunga Keziah, akiwa na miaka themanini na mmoja, aliapa hivi mbele ya hakimu: "Mimi ndiye niliyempokea Permelia wa pili wa Sabra Rusk, mwezi Machi 1853. Wa kwanza tulimzika vuli ya '51. Sabra alisema hataki jina lile lilale ardhini, akampa huyu. Huyu ndiye mjane wa Josiah Catlett, nami nimemjua maisha yake yote. Alipokuwa na miaka kumi na saba alikuwa akikamua ng'ombe kwa akina Dunning, maili nne kutoka kwao."

Nikakimbilia sensa ya 1870, nyumba ya Dunning. Alikuwepo. Permelia Rusk, miaka kumi na saba, mtumishi wa nyumbani, ameandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Alikuwa hapo miaka yote, kwenye filamu tuliyoizungusha mara elfu.

Ardith alisema, "Royce, mtoto huyu nilimzika akiwa hai."

Nilimwambia kosa ni la karani wa sensa, na mtu yeyote angekosea vile, na hati haikuwepo. Alinikatiza.

"Usinipoze. Hati haikuwepo, lakini mtu alikuwepo. Alikaa kwenye kiti hicho akaniambia kila kitu, hata lile jiwe. Na mtoto wake alikuwa pembeni."

Ninamwandika hivi kwa sababu ndivyo alivyo, na kwa sababu nimemwona wiki zilizofuata. Alipungua. Alikuwa anakuja mapema na kukaa na koti lake bila kuwasha taa. Bwana Prather, kwa nia njema, alipendekeza tuweke sahihisho dogo kwenye jarida hili, ukurasa wa mwisho, bila majina. Ardith alimshukuru na kuchukua ufunguo wa gari. Niliendesha mimi, mpaka kwa Bi Ione.

Bi Ione hakufungua mlango wa wavu. Alisimama nyuma yake na fimbo yake, akamtazama Ardith kuanzia viatu hadi nywele.

"Umeleta karatasi?" aliuliza.

"Nimeleta," Ardith alisema.

Ardith akaisoma yote kwa sauti palepale kizingitini, upepo ukitaka kuinyang'anya. Ione alisikiliza akiegemea fimbo. Alipomaliza, Ione alisema, "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Bure kabisa nilikuambia. Sikuhitaji jeshi wala Washington. Nilikuja na miguu yangu."

"Ndiyo, Bi Ione. Nimekosa. Naomba unisamehe."

"Sina nguvu ya kusamehe leo. Niachie nakala." Akafungua wavu kiasi cha kupitisha mkono, akachukua, akafunga. Tulirudi mjini, na Ardith akapitiliza moja kwa moja kwenye sanduku la chini kuitafuta kadi ya manjano ya 1986. Akaiandika upya kwa wino.

Baridi yote alimwendea Harlan, safari nne. Harlan ana miaka sabini na tisa sasa na anaumwa magoti, na kubadili mawazo kwake ni kazi sawa na kupanda ngazi. Safari ya kwanza alisema kitabu ni kitabu. Ardith akamwambia, "Kitabu nilikiandika mimi, Harlan, na mimi nakwambia kimekosea." Safari ya pili aliuliza kuhusu Perry.

"Perry hayupo," Ardith alisema.

"Alihamia wapi?"

"Hakuhama. Hakuzaliwa. Nilimtunga mimi."

"Loo! Ardith! Tumemwombea huyo mtu miaka thelathini na saba!"

"Basi zile sala ziko mahali fulani, mpeni Permelia."

Safari ya tatu Harlan alimkaangia mayai. Safari ya nne, mwezi Machi, alikuwa ameshakwenda kilimani peke yake na magoti yake, akaliangalia lile jiwe lisilo na maandishi, na alipofungua mlango macho yalikuwa mekundu. Alimwambia Ardith, "Mimi ndiye niliyemkatalia yule mama, mtoto wake akiwa kitandani. Nilikuwa na kofia mkononi, lakini nilimkatalia."

Jumapili iliyopita ulikuwa mkutano wa ukoo wa Rusk. Kama kila mwaka, asubuhi walifyeka nyasi na kuweka maua makaburini, mchana wakapanga meza ndefu chini ya kilima: kuku wa kukaanga, saladi za viazi za aina sita zisizotofautiana, maharage ya kuoka, pai. Walikuwa watu kama tisini. Harlan alikwenda mwenyewe na gari lake kumchukua Bi Ione, akamkalisha meza ya mbele. Bi Ione alikuwa amevaa gauni la kanisani.

Ardith alisimama kabla ya sala ya chakula. Si mwanamke wa hotuba. Aliwasomea hati ya mkunga, akawaeleza sensa mbili, kisha akasema hivi: "Bi Ione Mabry alinipa ukweli huu mwaka 1986 na mimi nikamrudisha nao nyumbani. Kwa sababu yangu binti yake Darla alinyimwa nafasi kilimani hapa. Kosa ni langu, si la karani wa sensa wala si la moto. Naliacha kwenu, kwa sababu nyinyi ndio wenye ukoo, na yeye ni mmoja wenu."

Hakuna aliyegusa chakula. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti Perry ni nani, akanyamazishwa. Harlan akasimama kwa kushika meza, na kwa niaba ya kamati akampa Bi Ione nafasi kilimani, ubavuni mwa Permelia. Jiwe la Permelia litaandikwa jina. Na kama Ione atapenda, alisema, kamati itashughulikia kila kitu ili Darla ahamishwe kutoka mjini na kuletwa kwa watu wake.

Wengine walianza kupiga makofi. Ione aliinua mkono wakaacha.

"Asante, Harlan. Nafasi naipokea. Iandikeni kwenye daftari lenu kwamba nimepewa, na mwandike jina langu lote. Lakini sitalala hapa." Alipumzika kidogo, maana pumzi zake ni fupi siku hizi. "Darla yuko kule chini miaka thelathini na mmoja. Amezoea. Hamtamfukua mtoto wangu kwa sababu watu wazima hatimaye wamesoma karatasi. Kuna nafasi pembeni yake, niliichukua wiki ile ile tuliyomzika. Mimi nitalala kule, tena karibu na barabara, na malori yapite. Hapa nilitaka tu tuitwe. Sasa tumeitwa. Lakini yeye hakusikia."

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Harlan aliketi, akasugua magoti yake. Ardith alibaki amesimama na karatasi yake, hana pa kwenda, hana la kusahihisha. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona akikosa mahali pa kuandika kitu.

Ione akamgeukia. "Na wewe kaa, mama. Usilie juu ya saladi ya watu. Umesema mbele yao, nimekusikia. Kaa ule."

Akakaa. Mtu akamletea sahani. Sijui kama hicho kilikuwa msamaha. Ardith anasema hakikuwa, na asingependa mtu akiite hivyo kwenye jarida.

Kuhusu mafanikio yake mengine nitakuwa mfupi kwa sababu Bwana Prather ameniwekea mpaka wa kurasa. Faharasa ya magazeti tangu 1866 ni yake. Orodha ya makaburi mia moja sitini na matatu ni yake. Amewafundisha watoto wa shule wapatao elfu moja kuchora mti wa ukoo, na kuwaambia wasiogope kuacha nafasi tupu. Katika nakala mia tatu na arobaini za kitabu chake, tangu Desemba amezifuata mia mbili na kumi na mbili, nyumba kwa nyumba na maktaba kwa maktaba, akafungua 388 na kumfuta Perry kwa mkono wake. Chini ya Enos na Sabra ameandika: Permelia, wa kwanza. Permelia, wa pili. Na chini kabisa, kizazi kwa kizazi, mpaka Ione, mpaka Darla. Mwenye nakala nyumbani, tafadhali amwambie.

Kutoka kwetu sote wa maktaba: asante, Ardith. Asante kwa buti na kupe. Asante kwa kutufundisha kuomba karatasi, na kwa mwaka huu wa mwisho, ulipotufundisha kumtazama pia mtu aliyekuja bila karatasi. Najua umechoka. Najua ungependa kuondoka ukiwa na kitabu kisicho na kosa, na huwezi, na hakuna mmoja wetu atakayeweza.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika hapo. Lakini leo asubuhi simu ya chumba ililia, ukiwa umetoka kwenda posta, nikaipokea mimi. Alikuwa Bi Ione. Alisema macho yake yamekwisha na wamemnyang'anya leseni, na tangu Februari hajapata mtu wa kumpeleka kwa Darla. Alisema, "Mwambie Ardith, kwa kuwa sasa hana kazi."

Tunakutakia pumziko jema na miaka mingi yenye afya, mama. Bi Ione anakusubiri Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi.

Royce Tebbetts
Chumba cha Kumbukumbu